Kuta Mbili na Jina Moja

Wako watu wasemao kwamba Waafrika wa zamani hawakuwa na wachoraji, bali walikuwa na michoro. Maneno hayo yana sura ya mzaha, lakini hayasemwi kwa mzaha. Husemwa katika vyumba vya mihadhara, huandikwa katika vibao vya makumbusho, na hukaririwa na wanafunzi katika mitihani: mchoro huu ni wa kabila fulani, kinyago hiki ni cha watu wa nchi fulani. Jina la mtu aliyeshika rangi halipo, na kutokuwapo kwake hakumsumbui mtu. Hudaiwa kuwa ndiyo tabia ya sanaa ya Afrika. Ni mali ya wote, kwa hiyo haina mwenyewe. Madai haya yamestarehe muda mrefu bila ya kuulizwa swali. Yanastahili kuulizwa, na mahali pa kuyaulizia ni nchi iliyo kusini na magharibi ya Ziwa Viktoria, tangu Shinyanga mpaka Geita na Chato, kwa sababu huko ushahidi wa kuyapinga haukosi.

Mtu anayetaka kujua kama mizani yake ni ya haki huweka kitu kile kile katika mizani ya pili. Mizani ya pili katika jambo hili iko Hispania.

Francisco Goya alizaliwa tarehe 30 Machi 1746 katika Fuendetodos, kijiji kikavu cha jimbo la Aragón. Baba yake, José, alikuwa fundi wa kupaka dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuvika mbao na sanamu za makanisa karatasi nyembamba za dhahabu. Mtoto huyo wa fundi alifunzwa rangi na José Luzán katika mji wa Zaragoza, akaomba nafasi katika chuo cha sanaa cha Madrid mara mbili asikubaliwe, akaenda Italia, akarudi. Mwaka 1775 alianza kuchora vielelezo vya mazulia ya ukutani yaliyofumwa katika kiwanda cha mfalme: watu wakicheza, wakila mashambani, wakirusha mwanasesere kwa shuka. Kazi ya kijana mwenye bidii, wala si ya bwana mkubwa. Alipanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 1786 alifanywa mchoraji wa mfalme, na mwaka 1799 akawa mchoraji wa kwanza wa baraza la ufalme, cheo ambacho juu yake hapakuwa na kingine kwa mtu wa kazi ile.

Katika kupanda huko alipigwa. Mwaka 1792 alishikwa na ugonjwa mzito ambao madaktari wanaubishania hata leo. Alipoinuka mwaka uliofuata alikuwa kiziwi, na kiziwi alibaki mpaka kufa kwake. Tangu wakati huo jicho lake lilikuwa kali zaidi. Mwaka 1799 alitoa picha 80 zilizochongwa katika sahani za shaba na kupigwa chapa, zilizowacheka makasisi wenye tamaa, wazazi wanaowauza binti zao kwa ndoa za mali, waganga wa uongo na wajinga wanaowabeba punda migongoni. Ziliuzwa katika duka la manukato mjini Madrid, zikaondolewa baada ya muda mfupi, na mwaka 1803 akampa mfalme sahani zake pamoja na nakala zilizosalia. Jeshi la Napoleon lilipoingia Hispania mwaka 1808, Goya aliona vita mahali ambapo wengine waliona bendera. Mwaka 1814 alichora mauaji ya tarehe 3 Mei 1808: safu ya askari wasio na nyuso, taa moja chini, na mtu mmoja mwenye shati jeupe aliyeinua mikono miwili mbele ya bunduki. Picha zake nyingine za vita vile, alizochonga katika shaba tangu mwaka 1810, hazikutolewa mpaka mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake.

Habari hizo zinajulikana kwa sababu zilihifadhiwa. Barua alizomwandikia rafiki yake, Martín Zapater, zipo. Hati za mishahara yake zipo. Hati ya ununuzi wa nyumba yake ipo. Hakuna muujiza katika kujulikana kwa Goya. Pana makaratasi, na pana watu waliodhani kwamba makaratasi hayo yafaa kutunzwa.

Nyumba ile ndiyo kiini cha hoja. Mwaka 1819, akiwa amepita umri wa miaka 70, Goya alinunua nyumba ya shamba ng'ambo ya mto Manzanares, nje ya Madrid. Ilikwisha kuitwa Nyumba ya Kiziwi kabla yake, kwa ajili ya kiziwi mwingine aliyeimiliki. Ndani yake, katika kuta za vyumba viwili, kimoja chini na kimoja juu, zikapakwa juu ya lipu picha 14. Ni picha nyeusi, za kutisha: zimwi linalomla mwanawe, wachawi waliomzunguka beberu, watu wawili wanaopigana kwa virungu, kichwa cha mbwa kinachochungulia juu ya mteremko mtupu. Hakuna aliyeziagiza. Hakuna aliyezilipia. Hazikuwa na majina. Majina yanayotumika leo walizipa wengine. Zilikuwa kwa macho ya mwenye nyumba na wachache waliopokewa kwake. Mwaka 1823 alimpa mjukuu wake nyumba, mwaka 1824 akaenda Ufaransa, na tarehe 16 Aprili 1828 akafia Bordeaux.

Kuta zikaachwa. Unyevu ukazila, lipu ikaanza kubanduka. Lakini tajiri mmoja wa benki, Baroni d'Erlanger, alipoinunua nyumba, alimwita Salvador Martínez Cubells kutoka makumbusho ya Prado, na tangu mwaka 1874 fundi huyo alizibandua picha ukutani akazihamishia katika kitambaa. Kazi ilizijeruhi picha. Hata hivyo zilipelekwa Paris mwaka 1878, zikatolewa kwa taifa la Hispania mwaka 1881, na leo zimo Prado. Nyumba yenyewe ilivunjwa mapema katika karne ya 20. Ukuta ulikufa, mchoro ukaishi.

Sasa na utazamwe ukuta wa pili.

Katika Usukuma palikuwa na chama cha Bayeye, watu wa nyoka. Waliwakamata nyoka, waliwacheza katika ngoma, na walijua dawa za sumu zake. Mtu hakuingia katika chama hicho kwa kupenda tu. Aliingizwa, akafunzwa, akapewa siri. Katika nyumba za mafunzo, kuta za ndani zilipakwa michoro: nyoka wa kila namna, watu wa chama, na watu wa hadithi ambao chama kiliwataja kuwa wakubwa wake wa asili. Mwanafunzi alielekezwa mbele ya ukuta kama vile mwanafunzi wa leo aelekezwavyo mbele ya ubao. Hans Cory, aliyezaliwa Austria na kuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliishughulikia michoro hiyo, na mwaka 1953 akatoa mjini London kitabu kizima juu yake. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bila ya kitabu kile sehemu kubwa ya habari hizi ingepotea, na Cory anastahili shukrani kwa hilo.

Lakini jalada la kitabu na lisomwe kwa utulivu. Lina jina la mkusanyaji. Walioipaka wametajwa kwa kazi yao, kwamba ni wacheza nyoka wa Tanganyika. Mtu na afanye jaribio la kugeuza maneno. Kitabu juu ya Nyumba ya Kiziwi na kiandikwe kwa anwani hii: Michoro ya Ukutani ya Wahispania Wagonjwa. Jina la mpiga picha aliyezipiga kuta zile kabla hazijabanduliwa na liwekwe juu ya jalada, na jina la Goya lisionekane popote. Msomaji wa Madrid angekasirika, na hasira yake ingekuwa ya haki. Lisilofaa Madrid halifai Shinyanga.

Wateteaji wa desturi hii wana hoja tatu, na kila moja yastahili jibu lake.

Hoja ya kwanza husema kwamba michoro ya Bayeye haikuwa sanaa, ilikuwa chombo cha mafunzo na ibada. Kama hoja hii ni kweli, basi dari za makanisa ya Italia si sanaa, maana nazo zilipakwa kwa mafunzo na ibada. Goya mwenyewe alipaka kuba la kanisa la San Antonio de la Florida mwaka 1798, na watu walisali chini yake. Hakuna aliyesema kwamba sala zao ziliifuta sanaa yake. Kazi ya kitu haimwondoi aliyekitengeneza. Jembe lina kazi, na bado lina mhunzi.

Hoja ya pili husema kwamba michoro ile haikukusudiwa kudumu. Ukuta wa udongo hujengwa, huvunjika, hujengwa mwingine. Ni kweli. Lakini picha nyeusi za Goya zilikusudiwa kudumu vipi? Zilipakwa katika lipu ya nyumba ya shamba, na mzee aliyezipaka alihama nchi akaziacha. Zimedumu kwa kuwa mtu mwingine, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, aliona hasara ya kuziacha zife. Kudumu kwa mchoro, basi, si sifa ya mchoro peke yake. Ni sifa ya jirani zake. Ukuta wa Usukuma haukufa kwa kukosa thamani. Ulikufa kwa kukosa Cubells.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na ndiyo yenye madhara. Husema kwamba katika jamii ile mtu mmoja hakuhesabiwa. Kazi ilikuwa ya chama, na kumtafuta mchoraji ni kuwapelekea wazee wa Usukuma maradhi ya Ulaya. Wanaosema hivi hudhani kwamba wanawaheshimu wazee. Na waende Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma ambayo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyaanzisha pamoja na wenyeji. Huko watakuta habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo mashindano yao huwatoa watu mashambani baada ya mavuno. Makundi hayo hayakuzuka kama uyoga. Masimulizi yanawataja waanzilishi wake wawili kwa majina, Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19 walioshindana kwa dawa na kwa ngoma. Zaidi ya miaka 100 imepita na majina hayo yangali vinywani mwa watu. La Ngika limekuwa jina la kundi zima. Watu waliomhifadhi mwanzilishi wa ngoma kwa vizazi vingi bila ya karatasi hawawezi kushtakiwa kwamba hawakujua maana ya mtu mmoja katika kazi ya wengi. Walijua. Aliyekuja na daftari ndiye aliyekuwa na safu ya kabila na hakuwa na safu ya jina.

Tanzania ina shahidi mwingine wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alipaka rangi za kung'aa katika mbao za bei ndogo mjini Dar es Salaam kwa miaka michache tu, mpaka alipouawa kwa risasi za polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu. Hakuwa na chuo, wala barua kwa Zapater. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea na kazi chini ya jina lake, na jina hilo sasa ni jina la namna nzima ya uchoraji. Iko wapi ile Afrika isiyojali jina? Mchoraji wa Oyster Bay ana jina kwa sababu waliomzunguka walilishika. Mchoraji wa nyumba ya nyoka alizungukwa na watu waliolijua jina lake vilevile. Msomi aliyefika ndiye ambaye hakuwa na haja nalo.

Uko pia upande wa pili wa ubishi, nao usiachwe uende salama. Ni wale wasemao kwamba Goya hana maana kwa mwanafunzi wa Chato au wa Geita. Kwamba kumsoma Mhispania wa karne ya 18 ni utumwa wa akili, na kwamba Mwafrika ajitosheleze na vyake. Maneno hayo yana ladha ya ushujaa, lakini ni ushujaa wa mtu anayefunga mlango ili asione nyumba ya jirani imejengwaje. Mwanafunzi asiyemjua Goya hawezi kujua kwamba kuta za nyumba ya shamba zilikwisha kubanduliwa na kuokolewa. Hawezi kujua kwamba mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa Madrid, Juan José Junquera, alitia shaka kwamba picha nyeusi ni za mkono wa Goya, na kwamba katika ubishi mkali uliofuata hakuna hata mmoja aliyependekeza ziandikwe kuwa sanaa ya kabila la Wahispania. Waliendelea kuuliza: ni nani? Swali hilo moja ndilo linalopasa kuigwa kwao, nalo halina rangi wala bara. Asiyemsoma jirani hukosa pa kumshitakia.

Na kwa nini Chato? Kwa sababu Chato inajua uzito wa jina. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Biharamulo, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Hapo alizaliwa na hapo alizikwa John Pombe Magufuli, Rais wa tano wa Tanzania, aliyefariki Machi 2021, na hakuna mtoto wa Chato anayehitaji kufunzwa kwamba kijiji kinaweza kubeba jina la mtu. Ni nchi ya Wazinza na Wasubi, na ya Wasukuma wengi waliohamia magharibi, hasa tangu miaka ya 1940 na 1950, wakitafuta malisho na mashamba. Waliohama walihama na ng'ombe wao, na mbegu zao, na ngoma zao. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyekumbuka kubeba ngoma alisahau kubeba yaliyofundishwa ukutani. Wajukuu wao wako hai. Wengine wao wamewaona wazee walioijua kazi hiyo. Lakini nyumba za udongo zinapokea matofali na mabati, kama inavyofaa kwa watu wanaotaka kulala pakavu, na kila nyumba ya kale inapoanguka huanguka pamoja na swali ambalo hakuna aliyekwenda kuliuliza.

Ukanda huu una desturi nyingine inayofaa kutajwa. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Kila kinachotoka ardhini hupimwa, huandikwa, hutiwa muhuri, na hesabu yake huulizwa bungeni. Hakuna anayesema kwamba dhahabu ni mali ya wote, kwa hiyo haina haja ya kuandikwa. Kinyume chake, kwa kuwa ni mali ya wote ndiyo maana huandikwa kwa uangalifu mkubwa. Hoja inayolinda gramu ya dhahabu inatosha kulilinda jina la mtu. Baba yake Goya alipaka dhahabu juu ya kazi za wengine, mwanawe akajulikana. Katika nchi yenye dhahabu chini ya miguu yake, mpaka rangi hana hata mstari mmoja.

Litabaki pingamizi moja ambalo si la hila, nalo ni la siri. Bayeye walikuwa chama cha siri. Pengine mchoraji hakutaka jina lake litoke, na pengine chama kilikataza. Pingamizi hili lina heshima, na atakayelipuuza atakuwa mwizi kuliko wote waliomtangulia. Lakini siri ina mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Ipo tofauti kubwa kati ya jina lililofichwa na mwenye jina, na jina lililopotezwa na mgeni asiyeuliza. La kwanza ni haki ya mtu. La pili ni uzembe uliovishwa joho la elimu. Ikiwa mzee wa chama atajibu kwamba jina halisemwi, basi na iandikwe hivyo: mchoraji anajulikana, na wenzake wameamua asitajwe. Hata hayo yatakuwa maandishi ya kweli kuliko neno kabila.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kila kibao cha makumbusho na kila tasnifu ya chuo kikuu na iwe na mahali pa jina la mchoraji, na pakiwa patupu, msomi aeleze alimwuliza nani, wapi, na lini. Mwanafunzi anayetoka Chato, Geita au Shinyanga apewe likizo moja ya kuandika maisha ya fundi mmoja wa kwao: alizaliwa wapi, alifunzwa na nani, alipata wapi rangi, alilipwa nini, nani alimcheka, aliacha nini. Karatasi za Cory zifunguliwe upya na watu wanaojua Kisukuma, wakizisoma kwa swali hili moja. Walimu wawakatae wanafunzi wanaoandika kwamba mchoro umetengenezwa na kabila, kama vile wanavyomkataa anayeandika kwamba barua imeandikwa na wino.

Hayo yakifanywa, huenda majina mengi yasipatikane, maana muda umekwenda. Lakini machache yatapatikana, na kwa kila moja litakalopatikana, wale wanaodai kwamba hayakuwapo watakuwa na deni la kujibu. Wazee wanaoweza kutaja majina hayo hawaongezeki. Likizo ya chuo huanza kila mwaka, na mabasi ya kwenda Chato huondoka kila siku.